Mtoto Asiyeitika Akiitwa

Sisi wa Ilemela tunaoishi juu ya mawe tunaitana kwa kelele. Mama anasimama mlangoni, anapaza sauti, na mtoto aliyeko bondeni anaitika. Binti yangu alizaliwa hasikii. Tangu alipoanza kutembea niliishi na hofu ambayo majirani hawakuielewa: akitoka machoni pangu, sina namna ya kumrudisha. Nilimfunga mgongoni kwa kitenge hadi miguu yake ikaning'inia magotini pangu, watu wakanicheka.

Kisha mradi ukaja mtaani. Wakasema watoto wenye ulemavu wasifungiwe ndani, wacheze na wenzao, na kila Jumamosi majirani wafundishwe lugha ya alama uwanjani kwenye ofisi ya mtaa. Watu walijaa. Mimi nilijua wamefuata soda zilizokuwa zikigawiwa. Jirani yangu wa bondeni, mama muuza samaki mwenye mdomo mkali, alihudhuria mara chache akaambulia alama moja tu, ya chakula: vidole vinakusanywa, vinapelekwa mdomoni. Binti yangu akipita kwake, anamfanyia hiyo, kisha anampa kipande cha sato.

"Hii inamtosha," aliniambia. "Mengine tutajuana mbele kwa mbele."

Mwalimu wa alama, ambaye naye ni kiziwi, alinisihi nimfungue mtoto. Nikamfungua, roho mkononi.

Asubuhi moja nilikuwa nafua ziwani. Nilipanda juu ya jabali kuanika nguo, nikamwacha pembeni ya maji akicheza na dumu tupu. Sikumaliza hata shuka la kwanza. Nilipotazama chini, upepo ulikuwa umechukua dumu na yeye alikuwa analifuata, maji yamefika magotini, amenipa mgongo. Pale chini ya maji kuna jiwe bapa, na jiwe hilo likiisha, hakuna tena pa kukanyaga. Kila mtu wa pale anajua.

Niliita. Hasikii, najua, mimi ndiye niliyemzaa, lakini niliita jina lake tena na tena. Nilianza kushuka, nikateleza, nikainuka. Maji yalikuwa kiunoni mwake. Kichwani nilishaona watu wamekaa msibani kwangu.

Aliyenisikia ni muuza samaki. Alikuwa ng'ambo ya kighuba, pale ziwa linapoingia kati ya mawe, anaosha masufuria, akitazamana na mtoto uso kwa uso. Alivua kitenge cha begani akakipunga juu kama mtu anayefukuza ndege shambani. Binti akainua macho. Yule mama akakusanya vidole, akavipeleka mdomoni. Chakula!

Binti akacheka, akapiga hatua moja kumwendea. Nilihisi haja ndogo inanitoka. Jirani naye alishtuka, akatikisa mikono yote miwili, kisha akaninyooshea mimi kidole. Mdomoni, halafu kwangu. Mdomoni, halafu kwangu. Chakula kiko kule, kwa mama.

Mtoto alisimama akifikiri. Halafu akageuka.

Nilimdaka maji yakiwa yamemshuka magotini. Nililia kwa sauti, nikambana hadi akanisukuma. Hakuelewa ninalia nini. Alikusanya vidole vyake vidogo, akavipeleka mdomoni, akanyoosha kiganja. Sikuwa na kitu ila sabuni.

"Mlishe huyo!" jirani alipiga kelele kutoka ng'ambo, na sauti yake ilikuwa inatetemeka. "Mlishe sasa hivi, mwanangu! Tukimdanganya leo, siku nyingine hatageuka!"

Niliacha nguo palepale juu ya mawe. Nilimbeba hadi nyumbani, nikabandika maji, nikasonga ugali huku unga ukimwagika. Alikula tonge baada ya tonge, nami nikiwa nimekaa mbele yake, naogopa hata kupepesa macho. Alishiba mapema. Alipotaka kuinuka aende nje, nikampakulia tena.