Nafasi Kando ya Mama

Jarida la parokia yetu hutoka mara nne kwa mwaka, na kila linapokaribia kutoka mimi hushindwa hata kula. Si woga. Ni furaha isiyo na adabu. Mimi ndiye mhariri, mpiga picha, mpangaji wa kurasa na mbebaji wa karatasi kutoka dukani Kondele, na mashine ya kuchapia ikianza kunguruma katika kile chumba kilicho nyuma ya ofisi ya paroko, hakuna anayeweza kunituliza.

Toleo ninalolikumbuka kuliko yote ni lile la harusi ya pamoja. Mara moja kwa mwaka paroko wetu huwakusanya watu walioishi kimila bila ndoa ya kanisa, akawafungisha ndoa siku moja, misa moja, keki moja. Picha zao hutangulia katika jarida, mume upande huu na mke upande ule, kila mmoja ndani ya kisanduku chake, na chini yake ombi kwamba anayejua kizuizi chochote amwone paroko. Asiyetokea kwenye ukurasa huo hafungi ndoa mwaka huo. Ndiyo sheria ya paroko, na paroko wetu habembelezeki.

Sasa, kinyozi hajinyoi. Mimi niliyekuwa nimeandika makala ndefu kuhusu uzuri wa ndoa takatifu, wazazi wangu mwenyewe hawakuwa nayo. Mama ni mwenyekiti wa jumuiya yetu hapa Kaloleni. Hufua vitambaa vya altare, hupanga maua, hufundisha watoto sala. Lakini wakati wa komunyo, wenzake wakipanga foleni, yeye, kwa kukosa ndoa ya kanisa, alikuwa akibaki kwenye benchi, amegeuza magoti kando ili wapite. Nilikuwa nimeliona hilo tangu utotoni, na kila Jumapili liliniuma upya.

Baba hakuwa mtu mbaya. Ni fundi wa injini za boti, ana maneno machache na kiburi kingi, na hoja yake ilikuwa moja tu: ng'ombe wote wa mahari walifika kwa wakwe, wakwe wakapokea, wakabariki. Leo asimame mbele ya wajukuu aulizwe kama anamtaka mwanamke huyu? Kwani walidhani amekuwa akifanya nini miaka yote hii? Mama alimwomba, paroko akamwomba, nami nikamwomba mpaka nikapandisha sauti, jambo ambalo kwetu mtoto hafanyi. Sikio la kufa halisikii dawa.

Siku ya kufunga kurasa, Mama alikuja ofisini na picha yake peke yake, amevaa sare ya chama cha akina mama, kitambaa kichwani kimefungwa sawasawa. Nikamwambia kwa upole kwamba bila picha ya Baba sina budi kumwondoa. Alitazama kioo cha kompyuta kwa muda, kisanduku chake na kile kitupu kilichokuwa kando yake.

"Wacha hivyo hivyo," akasema. "Hiyo nafasi ni ya jaduong', mzee wangu. Ikae ikimngoja."

Nikabisha. Nikamwambia kuanzia Obunga hadi Kondele watu watatucheka, maana kila mtu anamjua huyo mzee wake. Akasema wacheke, meno ni yao. Basi nikaliacha lile pengo, na nakiri kwamba moyo ulinidunda kwa raha, kwa sababu sikuwahi kumwona Mama akipigana, na sasa nilijua anaweza.

Kesho yake asubuhi mashine ikagoma. Ilivuta karatasi mbili mbili, ikazitema zimekunjamana, kisha ikanyamaza kabisa. Fundi wake alikuwa safarini. Akina mama waliokuja kukunja na kubana kurasa walikuwa tayari wameketi ukumbini wakiimba, Mama akiwa kati yao, na kila nilipopita mlangoni waliniuliza kazi iko wapi. Nikampigia Baba simu. Harusi aliweza kuikataa. Mashine iliyoharibika hajawahi kuikataa.

Alifika na ovaroli lake na sanduku la spana, hakumsalimu mtu. Akafungua kifuniko, akachomoa ule mpira unaovuta karatasi, akaunusa, akausugua kwa msasa, akaurudisha. Kisha akataka aione ikifanya kazi. Ukurasa uliokuwa umewekwa kwenye mashine ulikuwa ule wa maharusi, nami sikuubadilisha.

Mashine ikaunguruma, karatasi zikaanza kushuka moja moja, safi. Nilitaka kurukaruka. Baba akachukua ya kwanza aangalie wino, akaishika. Akachukua ya pili, kisha nyingine, na nyingine. Katika kila karatasi Mama alikuwa pale pale, anatazama mbele, kando yake hamna mtu.

"Huyu amekaa na nani hapa?" akauliza.

Nikamweleza kwamba Mama mwenyewe ndiye aliyetaka nafasi iachwe hivyo.

"Na zitatoka hivi? Zote?"

"Zote, Baba."

Akaizima mashine. Akajipangusa mikono kwa kitambaa, polepole, kidole kwa kidole, kisha akaniuliza kama simu yangu inapiga picha nzuri. Nikasema aende kwanza nyumbani abadilishe shati. Akakataa, akasema akifika njiani anaweza kupata wazo lingine. Nikamsimamisha ukutani na grisi shavuni, amekaza uso utadhani anangoja sindano. Picha ya kwanza ikatoka ukungu mtupu. Akina mama walikuwa wamekwisha kujazana mlangoni, na mmoja wao akasema kwa sauti kwamba ng'ombe hazeeki maini. Baba, ambaye hacheki, akacheka. Hiyo ndiyo picha niliyoitumia.

Tukaanza kuchapa upya. Nilifurahi hata nikasahau kumwita Mama. Alisukumwa ndani na wenzake. Nikampa karatasi ambayo wino wake haujakauka. Nilitarajia kilio, au vigelegele. Alimtazama Baba wa kwenye karatasi, akamtazama Baba wa kwenye ovaroli, kisha akaweka kidole kwenye ule mstari mwembamba uliotenganisha visanduku viwili.

"Hii laini ni ya nini?"

Nikamweleza kwamba ndivyo ukurasa ulivyopangwa, maharusi wote wako hivyo, kila mtu na kisanduku chake.

"Toa yetu," akasema.

Baba akaguna. Akasema mashine ikishashika mwendo haikatizwi ovyo, na karatasi nyingi zimeshachapwa, na mstari wenyewe ni mwembamba, nani atauona. Mama aliendelea kuushikilia ule mstari kwa kidole chake. Baba akasimama kidogo akikitazama kile kidole, kisha akanyoosha mkono wake wenye grisi, akaizima mashine mwenyewe.