Niliyoyasikia Wanangu Wakipanga Nikiwa Nimekwama Bafuni

Siku niliyokwama kwenye bafu langu mwenyewe, mchana kweupe, ndiyo siku niliyojua wanangu ni matapeli.

Msicheke.

Mimi ni fundi cherehani, nashonea nyumbani. Nina binti, tunamwita Bibi maana karithi jina la mama yangu, na mdogo wake, Chuma. Baba yao dereva wa lori, nyumbani anapita kama mgeni.

Gemu kaileta yeye. Vita kaniachia mimi.

"Mamaa, kaninyang'anya!"

"Mwongo huyo, yeye ndo kaanza!"

Naacha mashine, naenda kuamua. Mwisho nikaweka sheria: aliyeonewa anaongezewa saa nzima ya kucheza, mchokozi anakaa pembeni.

Ugomvi ndo ukakolea! Sokoni siendi, simu sipokei, vitambaa vya wateja vimelala.

Jumamosi moja napiga pasi gauni la bibi harusi, nikasema ngoja ninawe mikono. Kugeuza kitasa nitoke, kikabaki mkononi.

Na pasi inawaka, juu ya meza inayoyumba.

"Bibi! Chuma! Nifungulieni!"

Wapi! Sebuleni mtangazaji wa mpira wa gemu anapayuka. Nikagonga mpaka viganja vikawaka moto. Kidirisha chenyewe, hata paka angenasa. Nikaanza kunusa moshi, sijui wa kweli au wa kichwani.

Ghafla gemu ikanyamaza. Kabla sijafungua mdomo, nikamsikia Chuma:

"Dada, muda umeisha. Leo nani analia?"

"Wewe. Jana nililia mimi."

"Usinifinye kweli lakini."

"Sikufinyi. Mama akirudi tu kwenye mashine, tunacheza wote."

Nikakaa juu ya ndoo.

Mara kilio hicho, na kwikwi juu. "Mamaaa! Bibi kanifinyaaa!"

"Niko bafuni, nimekwama! Zimeni pasi!"

Kilio kikakatika papo hapo. Miguu ikakimbia. "Nimezima!" Bibi akapaza sauti. Chuma akaja na bisibisi, dada yake akimwelekeza: "Taratibu. Zungusha. Haya, vuta."

Mlango ukafunguka. Wamesimama wameshikana mikono.

"Mama... umesikia?"

"Yote."

Nikabadilisha sheria: akilia mmoja, gemu inazimwa kwa wote.

Nyumba ikatulia tuli. Nikajiona mjanja.

Mpaka juzi nilipomkuta Chuma nyuma ya pazia, kang'ata shati lake, kidole kimevimba. Dada yake kambana na mlango kwa bahati mbaya, naye kapiga magoti hapo anampulizia, machozi yanamtoka.

"Mbona hamkuniita?"

Chuma akanitazama kama mtu anayeulizwa jambo la wazi.

"Gemu ingezimwa."

Nilimbeba mwenyewe hadi zahanati.

Wazazi wenzangu, mtoto anaisoma sheria yako kuliko unavyoisoma wewe. Angalia inamfundisha nini.

Siku hizi sina sheria mpya. Jioni nakaa nao kwenye zulia, nacheza. Nafungwa magoli mpaka aibu, ila akilia mtu, najua kalia kweli.