Mwiko wa Selemani

Siku yangu ya kwanza kazini, katika wodi ya watoto ya misheni moja upande wa Masasi, sikupewa sindano wala kipimajoto. Nilipewa kijiko. Nikanuna. Nimehitimu unesi, sare imepigwa pasi, kumbe naanza kwa kulisha watoto uji! Sista Mkuu, Mzungu mrefu asiye na mchezo, akaniona.

"Umekasirika?"

"Hapana, Sista."

"Umekasirika. Mtoto asiyekula, sindano zangu zote ni bure kwake. Keti chini umlishe."

Nikaketi. Wakati ule Mwingereza alikuwa bado anatawala, na akina mama wengi wa kwetu walinywesha kwa kiganja. Mtoto hulazwa mapajani, kiganja kikawekwa mdomoni kama bakuli, uji ukamiminwa. Akikataa hubanwa pua mpaka afungue kinywa apate pumzi. Sista aliikataza njia ile kwa sababu uji huweza kuingia mapafuni. Alitufundisha kusubiri: kijiko kinakaa mbele ya mdomo, mtoto anakifuata mwenyewe. Ni kazi ya kuchosha, na nyinyi vijana wa leo sidhani kama mngeiweza.

Baadaye nikahamishiwa dispensari ya huko juu Newala. Mkubwa wangu alikuwa Dresa Mkuu, mtu wa kufunga vidonda na kutoa dawa, mkali kama nini. Watoto waliokonda tuliwapa uji wa mahindi uliotiwa unga wa karanga. Wengi walinenepa kwa uji huo, sitaki kuusingizia.

Ndipo akaja Mama Selemani, binti wa rika langu, na mwanawe wa kwanza aliyekuwa ametoka tu kuachishwa ziwa. Selemani alikuwa mbavu na macho. Akionja uji wetu anatapika, midomo inamvimba, mwili unatoka mabaka. Akaanza kulia akiona kijiko tu.

"Anadeka huyo," Dresa Mkuu akasema. "Mshindilieni."

Nilikataa. Tulinuniana, yeye na mimi, mpaka Bwana Mganga, ndivyo tulivyomwita daktari wa misheni, alipokuja kukagua kutoka Masasi. Yule Mzungu alimtazama mtoto kwa utulivu, akauliza kila alichokula, kisha akasema karanga ndizo zinazomdhuru na zisimguse tena. Siku hizi mnaita mzio, au aleji. Sisi tulisema chakula kinamkataa. Mama Selemani alilielewa haraka, maana kila ukoo una kitu usichokula.

"Basi karanga ni mwiko wake," akasema.

"Hasa," nikamjibu. "Apikiwe kwenye chungu chake mwenyewe."

Lakini kuziacha karanga hakukutosha. Mtoto alishaogopa chakula chenyewe. Nilimpa kijiko kitupu achezee. Nikampa kipande cha muhogo wa kuchemsha akishike, akitupe, akiokote. Mama yake alikaa kando akijizuia asimshike kwa nguvu, na nilimwona mikono inavyomwasha. Siku Selemani alipoutafuna ule muhogo na kuumeza, tulicheka wote wawili mpaka Dresa Mkuu akachungulia mlangoni. Mtoto akaanza kushika mwili. Wakarudi nyumbani.

Sasa, asiyeijua Newala ya wakati ule hatanielewa. Maji yalikuwa bondeni. Mwanamke anateremka na debe, anapanda nalo kichwani, jua linamchapa. Kiangazi, vyombo havikuoshwa bali vilipanguswa. Mama Selemani alikuwa na vyungu viwili, kama nilivyomwambia. Mwiko wa kusongea ulikuwa mmoja. Siku moja alikorogea kisamvu cha karanga cha watu wazima, akaupangusa kwa gunzi la muhindi, akakorogea uji wa mtoto.

Selemani akaonja, akafunga mdomo. Mama akambembeleza, wapi. Akadhani ule ubishi wa zamani umerudi, na kazi yetu yote imepotea. Hofu ikamshika. Akamlaza mapajani, akamnywesha kwa kiganja.

Walipofika kwetu pumzi ilikuwa imeshafungwa. Dresa Mkuu alimshughulikia kwa kila alichokuwa nacho, na hakikufaa. Alipomfunika mtoto alikwenda nyuma ya jengo, na nilipomfuata nilimkuta analia.

Mama Selemani hakulia. Baada ya matanga alikuja na ule mwiko umefungwa kwenye kanga, akauweka mezani.

"Nesi, niambie kweli. Aliponifungia mdomo, alikuwa anajua?"

Nikamwambia ndiyo. Kumdanganya sikuweza, ingawa nilitamani.

Nimefanya kazi Lulindi, nimerudi Masasi, nimestaafu. Kila mama aliyeniletea mtoto anayekataa kula nilimuuliza kwanza amepika nini, na kwa chombo gani. Wengine walinicheka. Wacha wacheke.

Mama Selemani yupo, mzee kama mimi. Alizaa wengine, ana wajukuu, na jina watu wanalomwita halikubadilika. Mwezi uliopita nilikwenda kumsalimu, nikakaa naye jikoni akipika kisamvu. Wajukuu wake wote wanakula karanga bila shida. Ukutani imening'inia miiko miwili, mmoja mweusi kwa moshi na matumizi, mwingine mweupe, haujaingia chunguni.

Mjukuu mdogo akaunyooshea mkono ule mweupe auchezee.

"Acha huo," bibi yake akamwambia. "Wa mjomba wako."