Saini za Soda Mchikichini

Evarista alisoma gazeti lililotandazwa mezani, amesimama, raba mkono mmoja, brashi mkono wa pili. "Wafanyabiashara Mchikichini Wakubali Kuhama." Nani kakubali? Juzi kikaoni walikataa mpaka sauti zikawakauka!

"Shoga, ikishatoka gazetini ndiyo imetoka," alisema Shadya wa meza ya jirani. "Ijumaa manispaa wanaleta barua ya kutuhamisha. Tufunge mizigo."

"Nani afunge? Mimi?"

Miaka kumi na miwili tangu atoke Songea, meza hiyo ya viatu ndiyo iliyomlisha. Na belo lake la mitumba halifunguliwi kwa siri hata siku moja; hulichana mbele ya wateja, kizuri kionekane na kisicho na mwenzake kionekane. Hata blogu yake, anayoiandika kwenye simu kati ya mteja na mteja, huiendesha hivyo hivyo. Akapandisha video ya kikao, saa nzima bila kukata, hata pale alipomwita mwenyekiti wa soko mbumbumbu. Kisha picha aliyoipiga ya karatasi ya saini iliyozungushwa kikaoni.

Kufikia adhuhuri soko zima lilikuwa limeinamia simu! Saa tisa akatokea kijana wa shati jeupe, jasho likimtiririka.

"Wewe ndiye Evarista wa blogu?"

"Ndiye mimi. Unavaa namba ngapi, kaka?"

"Mimi Aaron, niliyeandika ile habari. Nawe siku hizi unajiita mwandishi?"

"Mimi muuza viatu. Mwandishi ni wewe. Kikaoni ulikuwepo?"

"Nililetewa karatasi. Saini mia mbili za kukubali."

"Za soda hizo!" Shadya aliangua kicheko. "Kikaoni usiposaini, hunywi!"

Evarista akamwonyesha picha. Juu kabisa, kwa kalamu iliyofifia: Mahudhurio.

Aaron akakaa juu ya belo, akaitazama video yote. Alipomaliza akapiga simu. "Mhariri, tumekosea. Ndiyo, blogu. Hapana, usiandike 'mitandaoni', andika jina lake!"

Kesho yake ukurasa wa kwanza ulisema: "Hawajakubali." Chini yake, jina la Evarista na la blogu yake. Meza kwa meza watu walipiga vigelegele.

Ijumaa barua haikuja. Kiliitishwa kikao kipya, na Aaron alifika kabla ya viti. Karatasi ilipozungushwa, Evarista aliikamata wa kwanza, akaandika juu kwa herufi kubwa: MAHUDHURIO TU, SI KUKUBALI.

Akasaini. Akachukua soda yake.