Sikio Juu ya Mchanga

Ofisi ya mama ilipohamishiwa Dodoma nilikuwa darasa la sita, na nilikwisha kuamua kwamba mimi sihami. Mwili ulipanda basi, moyo ukabaki Dar es Salaam. Shuleni sikumsalimia mtu. Mama alinikumbusha kwamba ukienda kwa wenye chongo, nawe fumba jicho lako. Nikamjibu kwamba yangu yote mawili ni mazima, asante. Nilikuwa na mdomo.

Kila Ijumaa mwalimu wetu wa jiografia alitutoa darasani. Alikuwa mwenyeji wa huku, mwanamke mwembamba asiyepaza sauti, na aliamini kwamba nchi haisomwi ubaoni. Siku hiyo alitupeleka upande wa Chamwino, mtoni. Nilipouona mto wenyewe nilicheka kwa dharau. Ulikuwa mchanga mtupu, mpana kama uwanja wa mpira, kati ya kingo mbili za udongo mwekundu. Kwetu huo tungeuita barabara.

"Maji yapo chini," mwalimu alisema. Tukachimba kwa mikono. Mkono ulipozama hadi kwenye kiwiko mchanga ukawa wa baridi, kisha maji yakaanza kujikusanya kama jasho. Ya kwanza tukayateka kwa kata na kuyamwaga, ndivyo ifanywavyo huku, tukangoja ya pili yatulie. Sikuyapenda. Yalikuja kimya mno, kana kwamba yameitwa na mtu mwingine.

Halafu akatuambia tulale, kila mtu mbali na mwenzake, sikio juu ya mchanga, tusikilize. Lilikuwa jua la adhuhuri, mbingu haina hata wingu. Ndege walikuwa wamenyamaza, na sikujua walinyamaza saa ngapi. Ng'ombe waliokuwa wakinywa kwenye visima vya jirani waliinua vichwa, wakaanza kupanda ukingo mmoja mmoja bila kuswagwa na mtu.

Ndipo nilipoisikia bahari. Ilikuwa mbali, chini ya sikio langu, ikivuma vile vile ilivyovuma nyuma ya nyumba yetu ya zamani. Nilijua haiwezekani. Nywele zilinisimama, lakini nilifurahi mno hata sikutaka kuinuka. Nilimsikia mwalimu akisema tutoke, wote, sasa hivi, kisha miguu ikikimbia. Nikajiambia, waende. Mimi nimeitwa kwetu.

Mkono ukanikamata ukosi wa shati. Ulikuwa wa msichana niliyekaa naye dawati moja tangu nihamie, na sikuwahi kumjibu hata "mambo". Alinikokota hadi magoti yakachubuka. Tulipofika juu, maji yalitokea kwenye kona. Hayakuja kwa kishindo kama nilivyodhani mafuriko huja. Yalikuja yakitambaa, povu la kahawia likisukuma majani makavu na mavi ya mbuzi, na nyuma ya povu maji yenyewe, marefu kuliko mimi. Pale nilipolala pakafunikwa.

"Hukusikia?" msichana aliuliza, akihema.

"Nilisikia. Nilidhani ni bahari."

Hakucheka. Mwalimu, uso umemsawijika, alisema mvua ilikuwa imenyesha mbali, huko vilimani, nasi tulikuwa tukiitazama mbingu ya hapa. Niliogopa sana, na kilichonitisha zaidi ni kwamba nusura nife mahali ambapo hata sikuwa nimepasalimia.

Ijumaa iliyofuata tulirudi. Mchanga ulikuwa mkavu tena, lakini kingo zilikuwa zimesogea, na jiwe kubwa nililolikumbuka halikuwepo. Wenzangu walikuwa wameshaanza kuvua viatu. Mama mmoja mwenye mzigo wa kuni kichwani alikuwa anakuja kutoka juu, akipita ukingoni. Kabla mtu hajafungua kinywa nilimkimbilia.

"Shikamoo, mama. Huko juu kumenyesha?"

"Marahaba, mwanangu." Alinitazama kidogo. "Kumenyesha tangu alfajiri."

Niliwageukia wenzangu. "Leo hatushuki," nikasema, na hakuna hata mmoja aliyeshuka.