Washa ya Shaba Kidoleni

Kila ninaponusa oili chafu, kidole changu hujikunja chenyewe. Siku moja nikiwa mdogo, baba alikuwa akibadilisha oili ya pikipiki uani kwetu, Lumemo. Mimi nikaivaa kama pete washa ya boliti ya chini ya injini, kiduara cha shaba kilichokuwa bado na joto. Ndipo mama akashikwa na uchungu wa kujifungua.

"Washa iko wapi? Bila hiyo oili itavuja, injini itatufia njiani!" baba alifoka.

Nilinyoosha mkono nikilia. Kidole kilikuwa kimevimba. Baba alikipaka ile oili chafu, akaizungusha washa taratibu huku mama akiugulia mlangoni. Ikatoka. Akaifunga, akamimina oili mpya, wakaondoka kwenda hospitali.

Jioni baba alirudi akicheka. "Umepata mdogo wa kike!"

Hata shikamoo sikusema. Nilikuwa nimeshapiga magoti, natazama kama injini inavuja.