Safari ya Kumwachisha Zena Ziwa

Baba yangu aliitwa Athumani, na mama yangu aliitwa Binti Salumu. Wote wawili walizaliwa Lusewa, nami nilizaliwa hukohuko, katika nyumba iliyopakana na shamba la mahindi la mjomba wangu. Sikupelekwa shule. Andika hivyohivyo, Zena, wala usinipambe. Wewe unayeandika ndiye mtoto niliyembeba katika safari hii, na hukumbuki chochote. Kwa hiyo usinisahihishe.

Mama yako, Hawa, alikuwa binti yangu wa kwanza. Aliolewa na Musa, Myao wa ng'ambo ya Ruvuma, upande wa Msumbiji, aliyekuja kwetu kulima tumbaku kisha akarudi kwao na mke. Hatukuona ubaya. Kwetu mto ule ulikuwa mahali pa kuvukia tu. Ndugu walikuwa pande zote mbili. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vimekwisha kuanza nchini kwao. Tulivisikia kama mtu asikiavyo kwamba mvua inanyesha wilaya nyingine.

Ulipoanza kutembea na kutamka maneno mawili matatu, ikaja habari kwamba mama yako ana mimba nyingine. Desturi yetu unaijua: mtoto wa kuachishwa ziwa huchukuliwa na bibi yake, akakae mbali na mama mpaka asahau. Sisi tulikuwa tumekwisha kuhamia hapa Songea, na bibi yako mguu wake ulikuwa umevimba, hawezi kuukanyagia. Nikaenda mimi. Wanaume wenzangu walicheka sana.

Siku niliyokuchukua ilikuwa ya kawaida kabisa. Mama mkwe wa Hawa alikuwa anaanika mihogo juu ya jiwe na kuwagombeza kuku. Desturi inataka mama asionekane mtoto anapoondoka, asiage, asitoke nje, ili mtoto asimlilie njiani. Hawa alikuwa amejifungia ndani. Nilisimama mlangoni nikasema tunakwenda.

"Baba, uji wake usiwe wa moto," alisema kutoka ndani, kwa sauti ya chini. "Na asipolala, mkune mgongoni."

"Nimelea watoto kabla yako."

"Ulilea lini wewe, Baba? Alilea mama. Nenda basi, asije akanisikia."

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu. Uso wake sikuuona.

Tulipanda lori la magunia ya mahindi lililokuwa likielekea upande wa mtoni. Ulilia tangu tulipoondoka. Ulinikojolea. Muhogo niliokupa uliutupa barabarani, kisha ukaulilia. Nilikutafunia karanga, ukazitema kifuani pangu, ukamvuta masikio mzee aliyeketi mbele yetu. Kila lori lilipopunguza mwendo ulitaka kushuka, na kila lilipokwenda ulitaka kushuka zaidi.

"Babu, umejifungua lini?" akaniuliza mama mmoja aliyekuwa na mtoto mchanga. Jina lake lilikuwa Asumini.

"Jana," nikamjibu.

"Ndiyo maana hujui kubeba. Lete huyo."

Akakufunga mgongoni mwangu kwa kanga yake, fundo kifuani, kama wafanyavyo wanawake. Lori zima likacheka. Nawe, kwa mara ya kwanza siku ile, ukanyamaza.

Kwenye kona iliyokuwa na mianzi, dereva alifunga breki.

Mti ulikuwa umelazwa barabarani.

Wakatoka porini. Wengine walivaa sare, wengine suruali zilizochanika. Wote walikuwa na bunduki. Dereva alifungua mlango ili aseme nao, wakampiga risasi kabla hajasema.

"Wanaume huku. Wanawake kule."

Tulishuka. Wanaume walianza kutwishwa magunia. Mimi nilisimama na kanga kifuani, na wewe mgongoni.

Mmoja wao akanijia. Alisema Kiyao, Kiyao kizuri, cha mtu aliyelelewa na watu.

"Wewe ni mwanamume au mwanamke?"

Wenzake wakacheka.

"Mama yake huyu yuko wapi?"

Niliona swali litakalofuata. Angeniuliza kijiji chake, wakamfuate.

"Amekufa," nikasema.

Akakutazama. Akanisukuma kwa kitako cha bunduki kuelekea upande wa wanawake. "Kaa na wanawake wenzako."

Wanaume wote waliokuwa ndani ya lori walipelekwa porini na magunia yale. Hata mzee uliyemvuta masikio alitwishwa gunia. Hakuna niliyepata kumwona tena. Lori likachomwa moto, na sisi tuliobaki tukaachwa barabarani.

Ziko hasira za aina nyingi, Zena. Hii ya kwamba mtu alinilazimisha kumzika binti yangu kwa mdomo, akiwa hai, anapika, sijapata kuiweka chini.

Tuliacha barabara tukashika pori kuelekea mtoni, mimi na wanawake. Tulisikia sauti za wenye bunduki mbele yetu, kisha nyuma yetu. Ndipo ukaanza kulia tena. Ulitaka ziwa. Nilikukuna mgongoni, nikakupa kidole changu unyonye, ukakiuma.

"Mzibe mdomo," mwanamke mmoja akasema, "au tuachane hapa."

"Nikimziba atakufa."

"Na usipomziba?"

Asumini aliketi chini ya kichuguu, akamhamisha mtoto wake upande mmoja. "Mlete," akasema.

Nikasita. Mtoto aliyekwisha kuondolewa kwenye ziwa harudishwi. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa, na hiyo ndiyo kazi iliyonitoa Songea.

"Mzee, hao watu hawajui kwamba ameachishwa," akasema Asumini. "Mlete."

Nikakutoa mgongoni, nikakupa kwake. Ukanyonya.

Walipita karibu kiasi cha kusikia mmoja wao akikohoa. Hukutoa sauti.

Ruvuma tuliuvuka kwa mtumbwi. Asumini alishika njia ya kwa ndugu zake, na kanga yake akakataa kuichukua. Nilikubeba kwa miguu hadi Lusewa, na kutoka huko tukapata gari la tumbaku mpaka Namtumbo, kisha jingine hadi Songea. Bibi yako, Mungu amrehemu, alikupokea, akakupima kwa mikono, na neno lake la kwanza likawa, "Mbona anatafuta ziwa? Ulimfanya nini njiani?" Nilimweleza. Akaketi chini, akakupakata.

Baba yako alifika baadaye, peke yake. Kijiji chao kilikuwa kimeshambuliwa muda mfupi baada ya sisi kuondoka. Yeye alikuwa mtegoni, anavua samaki. Aliporudi, mama yake alikuwa amelala juu ya jiwe la mihogo, amekufa. Hawa hakuwapo. Jirani aliyejificha alimwona akitembezwa na wengine, mzigo kichwani, na mimba yake. Musa alimtafuta mpaka akaugua. Alifia hapa Songea, na kaburi lake unalijua. Vita vilipokwisha nilivuka mto mwenyewe. Nilikuta nyasi, na watu wageni waliokuwa wapole, nao hawakujua lolote.

Kisha zikaja hotuba. Nilikaa kwenye mkutano nikaambiwa tusameheane, yaliyopita yamepita. Aliyesema hivyo alirudi nyumbani akawakuta wanawe wote mezani. Sikumpigia makofi.

Wapo pia wanaoniambia hadi leo, "Babu, mshukuru Mungu, desturi ndiyo iliyomwokoa mtoto." Watu wa dini hunena hivyo, na walimu waliotoka mikoa mingine hunena hivyo, kwa nia njema. Ninachukia kuyasikia. Desturi ilikuwa kukutenga na ziwa kwa miezi michache, kisha urudi kwa mama yako ukamkute na mdogo wako. Waliogeuza miezi ile michache ikawa maisha yako yote ni watu. Walizaliwa, walinyonyeshwa, waliachishwa ziwa kama wewe. Usimtwike Mungu wala desturi kazi ya mikono yao.

Nimepima. Wewe nilikupata, umesoma, una watoto, unaandika maneno yangu. Hawa nilimkosa, na mtoto aliyekuwa tumboni nilimkosa. Cha kwanza hakifuti cha pili. Atakayekuambia mizani imekaa sawa, muulize yeye aliweka nini upande wake.

Sasa sikiliza cha kutunza. Usiandike kwamba mama yako alipotea. Mbuzi ndiye hupotea. Andika kwamba alichukuliwa. Shamba la Lusewa lina kipande nilichomkatia Hawa. Wajomba zako watasema hana mrithi, nawe utasimama mbele ya wazee wa ukoo useme jina lako na jina lake. Tunza jina la Asumini, maana sikupata kumlipa chochote. Na hasira hii uitunze pia. Usiwape wanao wakiwa bado wadogo, itawachoma. Lakini wakishakuwa watu wazima, na mtu akawajia na hotuba ya kusahau, waipate ikiwa nzima.